Mwanzilishi wa Chama cha Baiskeli

Luhende ndiye aliyeanza. Alimbeba Esteria, mke wa jirani yake aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, kwenye keria ya baiskeli yake kuukuu kutoka Dutwa hadi hospitali ya Bariadi. Tangu hapo kila mwenye mgonjwa alibisha hodi kwake.

Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa, bei ikapanda, vijana wakanunua baiskeli mpya, na Sayi, aliyejua kuandika barua za ofisini, akawakusanya. Akasajili chama cha kubeba wagonjwa. Baiskeli moja ikawa kumi na tisa.

Siku ya kuzindua ofisi, mgeni rasmi alimshika Sayi mkono. "Mwanzilishi, simama wakuone!"

Sayi akasimama, vigelegele vikapigwa, wala hakutazama alikoketi Luhende. Luhende akainuka kwa wivu. Akazunguka nyuma ya ofisi, akatoa upepo matairi yote mawili ya baiskeli ya Sayi.

Hata hajarudi kuketi, mwanamke mmoja akaja mbio kuomba msaada: mama mkwe wa mwanamke huyo, Mayu Kabula, ameanguka kisimani na kuvunjika mguu. Zamu ilikuwa ya Sayi.

"Nani kanifanyia hivi?" Sayi alifoka alipoyaona matairi.

Luhende akavuta baiskeli yake, akaenda kumpakia bibi, akakanyaga hadi hospitali.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Mayu Kabula walipofika. "Chama cha Sayi kimeniokoa."

"Si cha Sayi!" Luhende alisema kwa ukali, hata bibi akashtuka. Na njia nzima ya kurudi alilirudia neno hilo, peke yake.