Bolti Mahali pa Fyuzi

Asubuhi hiyo Adigun alikuwa kwa mteja wake mtaa wa Moniya, ameinamia sanduku la zana akitafuta koleo, vidole vyake vilipogusa kitu ndani ya mfuko wa nailoni. Akakitoa. Ilikuwa fyuzi mpya, fyuzi ya betri za dada yake, Abeke.

Siku kumi na mbili! Jamani, fundi wa sola wa miaka tisa kazini anasahau jambo kama hili?

Siku ile mapacha wa Abeke walikuwa wanapewa majina. Wapiga ngoma wakachomeka spika zao, fyuzi ikaungua. Muziki kimya, na wakwe wamejaa ua mzima. Mama Bolatito, mama mkwe wa Abeke, akapaza sauti: "Huyu ndiye fundi mliyekuwa mkitusifia? Kha!" Watu wakaangua kicheko. Adigun hakuwa na fyuzi nyingine. Akachukua bolti nene, akaikaza palipokuwa na fyuzi, spika zikalia tena, akashangiliwa. Alijiambia ataitoa wageni wakishaondoka. Kesho yake fyuzi akainunua kweli, halafu kazi zikamzonga.

Betri nane ziko chini ya ngazi, ukuta mmoja na chumba wanacholala watoto. Bolti haiungui ng'o, itaachia umeme upite mpaka nyumba iungue badala yake.

Alimpigia Abeke simu mara tano, hapatikani. Akabeba sanduku lake, akadandia pikipiki.

"Kaka, unafukuzwa na mkeo?" dereva akamtania.

"Kimbiza! Nina watoto wachanga watakufa!"

Dereva hakutania tena. Adigun alikwenda roho mkononi mpaka Molete, kwa Abeke, na kila moshi alioukuta njiani, hata wa wakaanga akara, zile bajia za kunde, ulimtia kiwewe.

Mlangoni harufu ya plastiki inayoungua ikamkaba koo. Chumbani Abeke alikuwa ananyonyesha Kehinde, mmoja wa mapacha. Mama Bolatito kakaa kwenye kigoda, kamlaza pacha wa pili, Taiwo, miguuni, anamkanda kwa mafuta na kumnyoosha viungo, na kando yake koili ya umeme inachemsha ndoo ya maji.

"Fundi wetu!" Mama Bolatito akachangamka. "Umeme wako siku hizi una nguvu! Zamani nikichomeka hii koili tu, fyuzi kwisha. Sasa nachemsha ndoo tatu, na pasi juu!"

Akaichomoa koili ukutani, akazima inveta inayogeuza umeme wa betri, akakimbilia chini ya ngazi. Maganda ya nyaya mbili, mwekundu na mweusi, yalikuwa yameyeyuka na kugandana. Ulibaki unene wa ukucha tu shaba zigusane na kulipuka. Akaingiza spana taratibu. Mungu wangu, nisiguse kwingine! Bolti ikalegea, ikamdondokea kiganjani ikiwa ya moto kama kaa. Akapiga yowe na kuitupa sakafuni, ngozi ikabanduka.

Akabadilisha nyaya, akafunga fyuzi, akawasha. Hata jasho hajafuta, Mama Bolatito akachomeka tena koili. Tap! Umeme ukakatika. Mama akatoka chumbani na Taiwo, Abeke nyuma yake bado ananyonyesha, akaiona bolti sakafuni.

"Unaona? Hiyo fyuzi yako mbovu. Turudishie chuma chetu, mtoto atapata baridi."

Adigun akaiangalia bolti pale sakafuni. Angeweza kuitia mfukoni na kujiondokea zake. Lakini kesho mama huyu angemwita fundi mwingine, naye angekaza bolti nyingine. Hofu ya kuchekwa na wakwe ilimrudia vilevile kama siku ile.

"Mama, fyuzi si mbovu. Inakatika ili msiungue. Hicho chuma nilikiweka mimi, kwa kuona haya mbele yenu. Hapa pangelipuka mkiwa mmelala."

Mama Bolatito akamkumbatia Taiwo kifuani, na mafuta yake vile vile.

"Ulijua?" Abeke akauliza.

"Nilijua, mdogo wangu. Nilisahau."

"Siku zote hizi nawalaza hapa, na wewe ulijua?"

Abeke hakulia wala hakumtukana. Alimtoa Kehinde ziwani, akampakatisha kaka yake mtoto huyo, juu ya kiganja kile kile kilichoungua.

"Haya. Mwambie yeye kwamba ulisahau."