Kiputo Kiko Katikati

Haya yote ni kweli, hayana chumvi hata chembe. Fundi mwenyewe aliyaapia mbele ya binti yake, mkono kifuani, kofia kwapani, kabla hata huyo binti hajavua viatu. Aliapa kwamba nyumba ni nzima, kwamba mhandisi wa ofisi ya mji aliipima kutoka msingi hadi bati, na kwamba kama anasema uongo basi meno yaliyombakia kinywani, yote sita, yang'oke papo hapo yamwagike sakafuni.

Binti akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara.

"Baba, mbona umesimama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama mtu anayesikiliza siri za ukutani."

Fundi akajinyoosha. Alipojinyoosha ndipo alipozidi kuonekana kituko, maana kunyooka kwake kulikuwa kunyooka kwa nyumba ile, na nyumba ile ilikuwa imelala kushoto.

Ilianza kulala miaka sita iliyopita, polepole, bila kumsumbua mtu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu, korido ndefu katikati, na Fundi alikaa juu kabisa, kwenye vyumba viwili ambavyo plasta yake aliipiga yeye mwenyewe ujanani, kabla hajastaafu uashi. Humo ndani hakuna aliyeona ajabu. Mama Mapacha wa ghorofa ya pili akidondosha kitunguu mlangoni kwake, hakujisumbua kuinama, alipaza sauti tu, "Kinakuja hicho!" na Kinyozi wa upande wa pili akakisubiri kwa mguu. Watoto walijifunza kwanza kutembea kwenda kushoto. Kurudi kulia walijifunza baada ya miezi miwili. Vitanda vyote vilikuwa na tofali chini ya miguu miwili. Na mshona viatu wa mtaani alikuwa akikiona kiatu cha kushoto kimelika ukingo wa nje, haulizi mwenyewe anaishi wapi.

Wakitoka nje ndipo walipoteseka. Kinyozi aliwahi kusimama kwenye foleni ya posta akahisi kizunguzungu mpaka akashika meza. "Ile sakafu yao imepinda," aliwaambia wenzake jioni, na wote wakamwonea huruma aliyejenga posta.

Kisa cha binti kuja ni simu. Alikuwa akizungumza na baba yake, akasikia kitu kinabingirika kwa muda mrefu kuliko vitu vinavyobingirika kwa kawaida.

"Baba, nini hicho?"

"Kitunguu cha jirani."

"Mbona hakifiki?"

Fundi akajitia kikohozi, lakini binti si mtu wa kudanganywa kwa kikohozi. Alikuwa mshonaji, tena wa suti, kazi yake ni kuona bega lililoshuka nusu kidole. Akasema atakuja Jumamosi aione nyumba kwa macho yake. Ikimridhisha, atakunywa chai na kurudi. Isipomridhisha, baba anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Kwa Fundi hilo lilikuwa suala la kufa na kupona. Katika vyumba vile viwili alikuwa ameishi na marehemu mkewe, na katika korido ile bado alikuwa Fundi: mlango ukigoma wanamwita, bomba likivuja wanamwita. Kwa binti yake atakuwa babu wa pembeni, anayeletewa chai na kuulizwa kama anasikia baridi.

Basi wiki nzima alihangaika. Alichonga vipande vya mbao akaviingiza chini ya kabati. Ufa mkubwa wa ukutani aliuziba kwa plasta, akautundikia kalenda. Meza aliipigilia ubao ukingoni ili vikombe visijiendee. Akapita kwa majirani kuwaonya: "Jumamosi mtu asidondoshe kitu cha duara."

Na silaha yake kubwa ilikuwa pima maji, lile la mbao lenye kioo katikati, ambalo kiputo chake kikitulia kati ya mistari miwili basi kitu kimekaa sawa. Miaka michache nyuma, chombo hicho kilikuwa kimeikataa sakafu. Kila alipokiweka, kiputo kilikimbilia kulia kama kinafukuzwa. Fundi akawatangazia majirani kwamba chombo kimechoka, kama yeye. Akafungua skrubu zake mbili, akakilegeza kioo, akakisogeza mpaka kiputo kikakubaliana na sakafu, akakaza. Tangu siku hiyo kila rafu, kila kitanda na kila jiko katika nyumba nzima lilipimwa kwa chombo hicho, na kila kitu kilikuwa sawa kabisa.

Binti aliketi. Akamimina chai, akaiangalia.

"Chai imeegemea."

"Kikombe hicho kibovu, mama. Chukua kingine."

Akachukua kingine. Chai ikajaa upande mmoja hadi ukingoni, upande wa pili ikaacha nafasi ya kidole.

"Na hiki?"

"Si ni seti moja?"

Binti hakucheka. Fundi akaona maji yanamfika shingoni, akaleta pima maji, akaliweka sakafuni kwa taratibu za mtu aliyelitumia miaka arobaini. Kiputo kikaogelea kidogo, kikatulia katikati, kimya, kama shahidi aliyefundishwa.

"Haya. Utabishana na hiki pia?"

Binti akakitazama kiputo, akaitazama chai. Wakati huo huo Kinyozi akabisha hodi, kama alivyopatana na Fundi.

"Shikamoo mzee. Dada, karibu sana. Nimesikia una wasiwasi na nyumba yetu? Ondoa shaka. Sisi wote humu tumepimiwa na baba yako. Kitanda changu mimi kimenyooka kuliko maisha yangu."

"Na huyo mhandisi wa mji ulimwona?"

"Mhandisi gani?"

Fundi akamkata jicho.

"Aa, yule! Yule mrefu," akasema Kinyozi, akaaga, akatoka akitembea kama mtu anayekata mlima kwa ubavu.

Binti akafungua mkoba. Akatoa futi yake ya kushonea, akaifunga mkasi ncha moja, akapanda kiti kwenye kona, akaishikilia ncha ya pili juu kabisa ukutani. Mkasi ukaning'inia, ukayumba, ukatulia. Juu futi iligusa ukuta. Chini mkasi ulikuwa mbali na ukuta, na hapo katikati ungeweza kupitisha ngumi.

"Upepo," akasema Fundi.

Binti akashuka, akafunga dirisha, akapanda tena. Mkasi ukatulia pale pale.

"Labda ni kona hii tu. Kona hii nilimwachia msaidizi."

"Basi tupime ile nyingine, nyuma ya kabati."

"Kabati zito, mwanangu, utaumia kiuno…"

Aliligusa tu, likajiendea lenyewe. Nyuma yake hapakuwa na utando wa buibui wala vumbi. Palikuwa na msumari karibu na dari, na chini kwenye plasta mistari ya penseli, mmoja baada ya mwingine kama alama za kupima urefu wa mtoto, na kila mstari una tarehe yake. Mwandiko wa Fundi. Kidole kimoja. Kidole kimoja na nusu. Viwili. Mstari wa mwisho uliandikwa vinne, na tarehe yake ilikuwa Jumatatu ya wiki hiyo.

Binti akakaa kitandani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata baba yake maini.

"Ulikuwa unajua."

Fundi akaivua kofia ambayo alikuwa ameivaa tena bila kujua.

"Nilikwenda ofisini mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza wakataka mwenye nyumba aje mwenyewe. Mwenye nyumba alishakufa, warithi hawajulikani waliko. Mara ya pili wakataka picha. Nikapeleka picha. Yule bwana akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akasema mpiga picha ndiye aliyepinda. Mara ya tatu sikumkuta mtu."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi. Majirani walikuwa wamenisubiri kwenye ngazi, wote. Mama Mapacha alikuwa na mimba, tumbo hili hapa. Wakaniuliza, Fundi, wamesemaje? Nikawaangalia. Nikasema, wamesema iko sawa."

"Na pima maji?"

"Kinyozi alikuja kuliazima kesho yake. Ningempa likiwa linasema kweli?"

Huko chini mtu alikuwa akifua, akiimba.

"Humu mnalala wangapi, baba?"

"Arobaini na mmoja. Na mapacha."

Binti akavaa viatu. Akamfungia baba yake nguo kwenye begi moja, akalitoa nje, akaliegemeza kwenye ngazi.

"Utaondoka na mimi, hilo limekwisha. Lakini ulichowaambia utakirudisha. Mlango kwa mlango. Niko nyuma yako."

Wakaanza kwa Kinyozi. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mzee leo unatupima akili! Subiri." Akapanda kwa Fundi, akashuka na pima maji, akaliweka kwenye kizingiti. "Ona. Kiputo kiko katikati."

"Mimi ndiye niliyekiweka hapo."

"Basi umekiweka vizuri, mzee wangu. Safari njema. Usikae sana huko, bomba langu linadondosha."

Fundi akaapa. Akaapa kwa meno, akaapa kwa kaburi la mkewe, na kila alivyozidi kuapa ndivyo Kinyozi alivyozidi kucheka, maana viapo vya Fundi alivizoea.

Mama Mapacha yeye hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto mmoja kiunoni, wa pili ameng'ang'ania sketi.

"Ulijua lini?"

Fundi akamtajia mwaka.

"Hawa walikuwa hawajazaliwa," akasema, kama anayejipigia hesabu mwenyewe. Akamhamisha mtoto kiuno cha pili. "Nimekusikia, Fundi. Sasa niambie basi, niende wapi?"

Fundi alifungua kinywa. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe alisimama pale na kinywa wazi, akitafuta hata uongo mdogo, asiupate.

"Sijui, mwanangu."

Mama Mapacha hakuufunga mlango. Aliendelea kusimama tu, akimtazama, naye Fundi akawa hana pa kuweka macho. Mkono wa binti ukamgusa mgongoni.

"Bado milango tisa, baba."

Fundi akashuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Akagonga mlango uliofuata.