Moto Usioacha Majivu

Wewe, umewahi kuona moto usioacha majivu? Mimi nilikuwa sijauona mpaka Joyness alipouleta hapa kwetu Ilula. Siku ya kwanza nilichuchumaa mbele ya jiko nikachungulia chini, nikachungulia na nyuma, natafuta unakotokea. Moto wa bluu, umejipanga duara, unanong'ona fsss kama watu wanaomsengenya mtu aliye chumba cha pili.

Joyness ni mke wa Isaka, kitinda mimba wangu. Anauza nyanya kando ya barabara, mabasi ya Mbeya yanaposimama. Kikundi chao cha akina mama ndicho kilichomfundisha habari za mtambo wa samadi. Akaja na fundi, wakachimba nyuma ya banda la ng'ombe, wakajenga kitu kama chungu kikubwa kilichofukiwa ardhini. Asubuhi unakoroga mavi ya ng'ombe na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, unamimina kwenye mdomo wa mtambo. Kule chini yanachacha kama pombe, yanatoa hewa, na hewa inapita kwenye bomba mpaka jikoni. Tope linatokea upande wa pili, linakwenda kwenye nyanya. Hakuna kinachotupwa. Hata maji ya kulowekea sufuria Joyness anayamimina humo humo, na makombo yake.

Jiko lenyewe walilijenga upya kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, dirisha pana upande wa upepo, kuta zimepakwa chokaa. Lile la zamani lilikuwa jeusi hata mende walipotezana. Moshi wa kuni za milingoti ulikuwa unamkaba Joyness kifua mpaka anatoka nje kukohoa mwiko ukiwa mkononi. Sasa anapika huku anaimba kwaya.

Tatizo likawa mzee wangu, Kalinga.

Tangu zamani si mlaji mkubwa mezani, lakini alikuwa hakondi. Tangu moto wa bluu uingie, mkanda wake ukaanza kurudi tundu moja ndani, kisha jingine. Anakula matonge machache, ananawa.

"Una nini, Baba Isaka?"

"Nimeshiba."

Kalinga akishasema ameshiba, hata ulete mbuzi mzima hafungui mdomo. Na jambo jingine nililiona: jioni, Joyness akienda kumwaga maji ya sufuria, mzee anamfuata kwa macho hadi kwenye mdomo wa mtambo. Anatazama yakimezwa. Uso wake unakuwa kama wa mtu anayezika.

Jirani yangu Faustina alikuja kuomba tope la nyanya zake, akamwona mzee akitazama hivyo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kamwene, Mama Isaka! Mzee anaona mavi kwenye tonge! Mpikie nje, wewe, usije ukaitwa mjane kwa ajili ya ng'ombe."

"Nenda zako huko. Hilo tope unaloomba ni la wapi?"

"Mimi naliweka kwenye nyanya, siliweki kwenye ugali!"

Joyness alikuwa dirishani, akasikia. Hakucheka. Kwetu mkwe wa kike hamuulizi baba mkwe habari za tumbo lake. Anaangalia chini, anapakua, anaondoka. Kwa hiyo akaja kwangu.

"Mama, niambie ukweli. Baba anaona kinyaa chakula changu?"

"Sijui, mwanangu. Ngoja nichunguze."

"Maana kama kinamshinda, nitarudisha mafiga. Siwezi kuimba jikoni wakati baba anakonda."

Nikaanza kuchunguza, maana mimi jambo likinikalia kichwani silali nalo bure. Kwanza nikaunusa ugali wa gesi kama mbwa. Unanukia ugali. Kisha nikampeleka mzee kwenye mtambo, nikidhani ataugeuzia uso. Wapi! Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye udongo. "Sikiliza," akaniambia, "unatokota." Akanieleza mpaka namna hewa inavyosukuma tope, kumbe alimhoji fundi siku nzima. Mtu anayeona kinyaa hawezi kuweka sikio pale. Nikazidi kuchanganyikiwa.

Mwisho nikasema, tuujaribu moto wenyewe. Joyness alipokwenda barabarani, nikapanga mawe matatu uani, nikawasha kuni za mlingoti, nikasonga ugali wa unga ule ule. Nikaipua, nikapakua, sufuria nikairudisha juu ya makaa kama tulivyozoea. Mzee akala matonge yake machache, akanawa, akaondoka. Nikaingia ndani kupumzisha mgongo.

Nilipotoka, sufuria ilikuwa imekwanguliwa ikang'aa.

"Kuku hawa!" nikasema. Enzi za mafiga nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, mwizi hasa. Kila nikiacha sufuria kwenye makaa nakuta imekwanguliwa. Mwisho nikamchinja, na mzee akala paja kimya kimya. Wizi haukukoma, nikasema basi, vifaranga wamerithi.

Lakini jioni ile mzee alipita uani akipiga mluzi. Mluzi! Nilikuwa sijausikia tangu tujenge jiko jipya. Nikajua nimepata jibu: anataka moto wa kuni. Nikamweleza Joyness.

Akakunja pindo la kanga. "Basi, Mama. Nyumba ni ya baba. Kifua changu kitazoea tena."

Kesho yake nikamkuta amefunga kanga kiunoni, anabingirisha figa la kwanza kuliingiza kwenye jiko lile jeupe. Fundi ameshaitwa aje kuziba bomba. Mawe yakaacha michirizi ya masizi kwenye sakafu, na mimi nimesimama mlangoni.

Kalinga akatokea na fimbo yake. Akaliangalia jiwe. Akamwangalia Joyness, ambaye aliinama palepale.

"Mama Isaka," akaniambia mimi, ingawa Joyness yuko hatua mbili tu, "mawe haya yanakwenda wapi?"

"Si kwa ajili yako? Moto wa gesi umekushinda."

"Nani kasema umenishinda? Macho yangu yameacha kutoa machozi. Mwambie mkweo ayarudishe mawe nje."

"Sasa mbona unakonda, mwanaume? Nimenusa ugali, nimekupeleka mtamboni, nimepika nje kama nina msiba! Unataka nini?"

Akasugua fimbo chini. Akatazama nje, kuku wanachakura. Mtu mzima, mzee wa kanisa, masikio yakamwiva.

"Yule kuku mwekundu," akasema. "Hakuwa na kosa."

Unajua wanavyosema: mtu akipenda kukwangua sufuria, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Siku yetu ilinyesha mpaka mchungaji akavua viatu, na wifi zangu wote wakaninyooshea kidole mimi, bibi harusi mlafi. Nimetaniwa hivyo hadi nimezeeka, na ukoko wenyewe naachia watoto.

"Na mvua?" nikauliza.

"Ilikuwa yangu."

Joyness alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatetemeka.

"Sasa ninyi mnazima moto ugali ukiiva tu," mzee akaendelea, sauti inapanda, "halafu huyu binti anawahi na maji yake, analoweka, anakwenda kuumwagia mtambo. Kila jioni naangalia mtambo unakula chakula changu."

"Chakula gani, Baba?" Joyness alijisahau, akauliza mwenyewe.

Na yeye akajisahau, akamjibu mwenyewe.

"Ukoko, mwanangu. Nataka ukoko."