Picha Zisizo na Watu

Saa kumi na mbili asubuhi gari la chama cha wapiga picha lilisimama mbele ya kliniki ya meno, na Kimya akapakia vitu kama kila mwaka: chupa mbili za chai, mayai ya kuchemsha, vitambaa laini vya kufutia lenzi, na kiti cha kukunja cha daktari wa meno, ambaye hakuweza kupiga picha akiwa amesimama wala kukunja kiti mwenyewe. Mwenyekiti wa chama alivaa kizibao chenye mifuko kumi na tisa, yote mitupu. Kimya walimpa jina hilo kwa sababu katika safari tatu hakuwa amesema neno zaidi ya "karibu chai". Kibarua hicho alitafutiwa na dereva, shemeji yake, mume wa dada yake.

Walifika nyikani jua likiwa bado changa. Dereva alizima gari mbali kidogo na kundi la swala, akavua kofia.

"Mama mkwe yuko pale kwenye kichuguu," alimnong'oneza Kimya. "Kakonda, lakini hajambo."

Kimya akamwona: swala jike, sikio la kushoto limepinda, amesimama palepale lilipokuwa jiko lao kabla watu hawajahamishwa na nyika kuzungushiwa uzio. Waliohamishwa, walipokufa mjini, walirudi kwao wakiwa wanyama na ndege, kwa kuwa hao ndio wanaoruhusiwa. Mjomba wake alikuwa korongo. Miguu yake haikuhitaji kubadilishwa sana.

Tatizo lilikuwa kamera. Ukichungulia, unaona swala. Ukibonyeza, kwenye kioo anatokea mtu. Daktari alibonyeza mara kumi, na mara zote kumi akatokea mwanamke mwenye gauni lililofifia na ndoo yenye mpini wa waya.

"Yule mama tena," alisema. "Kila mwaka ananiharibia mwanga."

Mwenyekiti naye alikuwa amepata mzee aliyekunja nne palipopaswa kuwa na korongo. Alisema watu hawa hawana adabu, wanakaa tu kama kwao.

Kimya hakuwa na picha ya mama yake, hata ya kitambulisho. Miaka ilivyokwenda, sura ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Mwaka huu ilikuwa zamu ya pua. Wakati wa mayai alisimama mbele ya kile kiti, akisokota kitambaa cha lenzi.

"Samahani, daktari. Hiyo picha moja usiifute. Ni mama yangu."

Daktari alitazama kioo, kisha akamtazama yeye kuanzia kidevuni.

"Mnafanana mataya," alisema. "Lakini hii ni picha ya swala, binti. Huyu kajitokeza tu."

Akaomba chumvi.

Jioni, getini, karani wa hifadhi alikagua kamera zote na kujaza fomu. Kitabu cha hifadhi kilisema hapa hapajawahi kuishi mtu, kwa hiyo picha yenye mtu haikuruhusiwa kutoka. Alipomkuta baba yake mzazi, yule mjomba wa Kimya, amekunja nne ndani ya kamera ya mwenyekiti, alimfuta wa kwanza, asije akaonekana ana upendeleo. Picha ambazo wenyewe walizing'ang'ania alizirekebisha kwa kompyuta: alimtoa mtu, akabandika swala wa ofisi. Ofisi ilikuwa na swala mmoja mzuri kwa kazi hiyo. Alipofika kwa mama yake Kimya alikuwa amechoka, akaisahau ndoo.

Picha hiyo ilishinda tuzo. Iliitwa *Nyika Kabla ya Binadamu*, ikatundikwa kwenye chumba cha kusubiri pale kliniki, swala wa ofisi akiwa na ndoo miguuni. Watu waliitazama sana. Ndoo hawakuiuliza.

Mpokeaji wagonjwa hakuruhusu mtu asiyeumwa akalie viti vyake kwa kutazama picha tu. Kwa hiyo Kimya akaanza kuumwa meno. Mwezi wa kwanza alionyesha gego moja, gumu kama jiwe. Daktari aliling'oa bure, kwa wema wake, akamwambia muuguzi kwamba watu wa kule hawajui mswaki. Mwezi wa pili sikio la kushoto la swala lilikuwa limepinda. Mwezi wa tatu Kimya alipotoka kung'olewa, mama yake alikuwa amesimama ndani ya fremu na ndoo mkononi. Pua ilikuwa pana kuliko alivyodhani.

Alikaa mbele yake, pamba mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Meno yako yamekwenda wapi?"

Daktari alipita, akaifuta vumbi fremu upande wenye jina lake, akaingia ndani. Mpokeaji wagonjwa, bila kuinua kichwa, akawaomba wote wawili wapunguze sauti, hapa kuna wagonjwa, kisha akamwandikia Kimya tarehe ya jino la mwezi ujao.