Baridi Itokayo Chini

Baridi ya kweli, ile ya kumgonganisha mtu meno, Bi Mwanatabu wa Mtongwe alikuwa ameisikia redioni tu. Kwao Likoni, Kusi ikivuma watu huvuta shuka mpaka kidevuni, kisha asubuhi wakahadithiana walivyoteseka. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa magodoro na mito ya sufi, ile pamba ya msufi, kwa miaka arubaini na ushei, katika mambo ya kulala alijihesabu mwalimu. Mtu akimwambia hakupata usingizi, yeye huuliza kwanza godoro kashona nani.

Ndiyo maana mjukuu wake Samiha aliporudi kutoka Mlima Kenya na mafua, uso kauinamisha, Bi Mwanatabu aliona haya kana kwamba aliyeshindwa ni yeye.

Samiha alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Shanzu mpaka akachoka kukata matikiti maji kwa maumbo ya maua, na roho yake ikataka kuona kwingine. Akapata kujaribiwa na kampuni inayopandisha wageni mlimani. Walitaka mpishi wa kambi. Kupika walimsifu, wali wake wakaulamba mpaka ukoko. Shida ikawa kulala. Sharti lao lilikuwa moja: mpishi hulala hemani usiku kucha kama wenzake, kwa sababu mgeni akizidiwa na baridi, yeye ndiye wa kuamka kumchemshia maji. Basi usiku wa kwanza tu, saa tisa, Samiha alitoka hemani akitetemeka kama mashine ya kusaga, akaenda kugonga kioo cha gari. Dereva akamfungulia, akamwashia hita. Asubuhi akateremshwa na gari lile lile.

Mkuu wa msafara, mwanamke wa bara aitwaye Lavender, hakumfokea. Alimwambia atampa safari moja tu nyingine, mwezi wa nane. Mwili wake ukikataa tena, wataagana kwa wema. Akamwachia na mfuko wa kulalia auzoee nyumbani. Ulikuwa mfuko mnene, umejazwa kama mto, mtu anaingia ndani yake na kufunga zipu mpaka shingoni.

Bi Mwanatabu alimkalisha kwenye kigoda akamhoji kama kadhi.

"Haya, mke mwenzangu," alisema, maana bibi wa Pwani ndivyo anavyomtania mjukuu wa kike, "huko juu ulijifunika nini?"

Samiha akamwambia mfuko, na juu ya mfuko blanketi tatu alizopewa na yeye mwenyewe bibi.

"Na chini?"

"Mkeka wako."

Hapo Bi Mwanatabu aliridhika. Mkeka ule wa ukindu aliusuka kwa mkono wake miezi mitatu, rangi nne, akampa mjukuu kwa ajili ya safari. Mkeka haukuwa na kosa. Kosa basi lilikuwa blanketi chache, au damu nyepesi, au mambo ya kutokula ugali. Samiha alijaribu kumweleza kwamba kifua kilikuwa na joto mpaka jasho, lakini mgongo, kiuno na mabega vilikuwa kama vimelazwa juu ya maji. Baridi ilitoka chini, alisema. Bibi akamuuliza tangu lini ardhi ikawa friji. Baridi huanguka kutoka juu kama umande, kila mtu anajua, na safari ya pili atapewa blanketi tano.

Samiha aliinuka akaenda kuukunja ule mfuko polepole, na Bi Mwanatabu akamsikia akimwambia mama yake jikoni kwamba huenda akarudi tu Shanzu kwenye matikiti yake. Akalisema bila kulia. Hilo ndilo lililomchoma bibi. Samiha angelia, bibi angejua pa kushika.

Usiku ule Bi Mwanatabu alijigeuzageuza kitandani. Asubuhi alikuwa ameshaamua kwamba mabishano haya yataisha kwa njia moja, nayo ni kwenda yeye mwenyewe kwenye baridi. Mlimani magoti yasingemfikisha. Lakini hapo Likoni palikuwa na ghala la samaki, na mlinzi wa chumba chake cha barafu alikuwa Changawa, mzee wa Kigiriama, mtani wake wa siku nyingi, ambaye mito yote ya nyumbani kwake kaishona yeye.

Akamwendea Jumatatu mchana, samaki wakiwa wachache, kajitwisha mkeka, mfuko na blanketi tatu, Samiha nyuma yake kajifunika uso kwa mtandio kwa haya. Akaulizia chumba kama mtu anayetafuta pa kupanga.

Changawa alitazama mkeka, kisha mfuko.

"Bi Mwanatabu, humu mimi naweka waliokufa."

"Basi mmoja aliye hai atawachangamsha."

"Ukitoka mgumu kama nguru, wanao wataniuliza nini?"

"Waambie wanipime kwa kilo," akasema, akaingia.

Changawa hakutaka lawama. Akavuta kreti akakaa mlangoni, akauacha mlango wazi kiasi cha kupenyeza mkono, akasema kila baada ya dakika tano atagonga, na asipojibiwa ataingia amburure kwa miguu, heshima itatafutwa baadaye. Samiha akatandika mkeka sakafuni kati ya makreti ya changu na tafi, akamsaidia bibi yake kuingia mfukoni, akafunga zipu, akamfunika blanketi zote tatu, akasimama kando.

Dakika tano za kwanza Bi Mwanatabu alijibu kwa vijembe. Alimwambia Changawa hoteli yake nzuri ila majirani wananuka. Kifua kilikuwa na joto zuri, miguu pia, na tayari alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mjukuu. Changawa alipogonga mara ya pili alijibu kwa kifupi. Mara ya tatu aliitika "abee" kwa sauti ndogo, jambo ambalo Changawa hakuwahi kulisikia kwake tangu wajuane, akasimama.

Ilianza kiunoni. Kama kidole kimoja chenye maji, kisha kiganja, kisha ubao mzima wa barafu uliolazwa chini ya mifupa yake. Juu anatoka jasho, chini anaganda. Akajigeuza ubavu, baridi ikamfuata ubavuni. Akaomba blanketi la nne; Samiha akavua koti akamfunika, na mgongo usijue kama kuna lililoongezwa. Hapo mikono ya fundi ikaanza kufanya kazi yenyewe. Alipapasa mfuko kwa ndani. Upande wa juu ulikuwa umeumuka kama mahamri. Upande wa chini, aliokuwa ameulalia, ulikuwa bapa kama chapati ya juzi.

Na hili alilijua. Miaka arubaini alikuwa akiwaambia wateja kwamba sufi huchambuliwa ikapepewa ili ivute pumzi, na pumzi ile ndiyo inayotunza joto. Ikishindiliwa ikakosa pumzi, ni takataka tu. Mfuko juu ulikuwa unapumua. Chini alikuwa ameuua kwa uzito wake, na kati ya mgongo wake na saruji hapakuwa na kitu ila mkeka. Mkeka wa ukindu. Wa kutandika barazani jua la Februari likiwaka, mtu ajinyooshe apate ubaridi wa sakafu umpande taratibu.

Akagonga kreti. Changawa na Samiha wakamtoa. Akakalishwa juani, akapewa chai ya tangawizi, na kwa mara ya kwanza maishani meno yake, yale yaliyobaki, yakagongana. Changawa akamuuliza kama chumba amekipenda au atafute kingine. Bi Mwanatabu alikuwa akimtazama Samiha.

"Tangu nizaliwe nalala juu ya mkeka nipate baridi," akamwambia. "Kisha nikakusukia mkeka uende nao kwenye baridi. Nilikufungia baridi kwa mkono wangu, mwanangu. Unisamehe."

Samiha alisema yamekwisha, bibi, kunywa chai. Lakini alikaa karibu naye zaidi, na mtandio ukashuka usoni.

Zilibaki wiki mbili na siku mbili kabla ya safari. Bi Mwanatabu aliweka kando godoro la bibi harusi, mama wa bibi harusi akaja kulalamika, akaambiwa bwana harusi kama anampenda mtoto wake atamlaza popote. Alichotaka sasa ni kitu kisichobonyea. Sufi peke yake isingefaa, ingelaliwa ikafa kama mfuko ulivyokufa. Makumbi ya nazi yalikuwa magumu sawasawa, lakini mazito, na Samiha si punda. Akawauliza watu. Jirani yake Najib, mpakizi wa malori upande wa Kipevu, akamwambia kuna sponji ngumu nyepesi ambayo friji na mashine hufungiwa zikija kwenye makontena. Ikishatolewa huko Changamwe hutupwa au huuzwa kwa wenye kuku. Ukiikalia haishuki. Akamletea mbili, pana kama mlango.

Fundi akaanza. Alikata sponji kwa kimo cha Samiha kuanzia kisogoni mpaka visigino, akaipasua vipande vinavyokunjika, maana lazima ibebwe mgongoni. Juu yake akaweka tabaka jembamba la sufi iliyochambuliwa vizuri, akaitenga kwa mishono kuwa vyumba vidogo vidogo isije ikakimbilia upande mmoja. Vyote akavivalisha kitambaa cha mwavuli kwa ajili ya unyevu, na pembeni akashona vishikizo vya kuufungia mfuko, kwa kuwa Samiha alikiri kwamba hulala akisafiri huku na huku. Shazia, ile sindano nene ya magodoro, ilimtoboa kidole mara mbili. Alipokosea kipimo alifumua akashona upya, na hakuna aliyethubutu kumwambia pumzika.

Siku nne kabla ya safari wakarudi kwa Changawa. Safari hii aliingia Samiha, kavaa nguo kavu za sufu, kashiba muhogo na samaki, bila blanketi hata moja. Bi Mwanatabu akakaa mlangoni na Changawa. Akagonga baada ya dakika tano, akajibiwa. Akagonga baada ya nusu saa, akajibiwa kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Baada ya saa nzima hakujibiwa. Changawa akainuka haraka, akaingia, akatoka akicheka, mkono mdomoni. Akamwambia mtoto anakoroma, na kwamba kwa samaki wake ile ni dharau.

Lakini chumba cha samaki si mlima, na hilo Bi Mwanatabu alilijua vizuri kuliko alivyoonyesha. Siku Samiha alipoondoka alimtania mpaka gari likaondoka. Jioni hakula. Alikwenda kulala mapema, akalala macho, akiwaza ardhi ya mlimani ilivyo ndefu kwenda chini, na sponji yake ilivyo nyembamba.

Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Sauti haikuwa ya Samiha.

"Nyanya, habari ya asubuhi. Ni Lavender huku mlimani."

Bi Mwanatabu akashika ukingo wa kitanda. Akauliza mtoto yuko wapi.

"Yuko hapa. Nataka kukuuliza wewe, ulimfanyia nini huyu msichana? Leo tumeamka saa kumi na moja, maji kwenye ndoo yameganda juu, watu saba tumekaa mbele ya jiko baridi tukingoja uji. Mpishi hayuko. Nikasema ameenda kwa gari tena. Naenda kwa gari, dereva anasema hajamwona. Naenda kwa hema, dada amelala fofofo. Nimemtingisha mara tatu."

Bi Mwanatabu alifumba macho. Akauliza kwa unyenyekevu kama kwa kulala huko mtoto amefukuzwa.

Lavender akacheka. Alisema atamwekea kengele ya simu, tena mbili. Zilibaki usiku mbili, na huko waendako ni juu zaidi, hivyo hatasema neno la mwisho mpaka washuke. Ila yeye mwenyewe usiku alikuwa ameamka mara nne kwa baridi, na angependa kulitazama vizuri hilo godoro.

Kisha akampa Samiha simu. Sauti yake ilikuwa na usingizi bado, na nyuma yake sufuria zilisikika zikigongana.

"Bibi, uji wao unaungua. Nimeomba simu tu nikwambie. Usiku kucha nilingoja ile baridi ya chini ije. Sikumbuki niliacha kuingoja saa ngapi."

Bi Mwanatabu akamwambia akakoroge uji, aongeze sukari, watu wakishiba hawaulizi mpishi kaamka lini. Akamwambia na huko juu zaidi ajikunje vizuri, avae soksi kavu, asilale na njaa. Kisha akakata simu upesi, akaenda kulitafuta godoro la bibi harusi alilokuwa ameliweka kando.