Kitako Alichokichonga Orrin

Nilitupa koti langu juu ya meza, lakini wapi! Orrin alikwisha kuziona zile fremu.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, kwenye uwanja wetu wa shabaha nje ya mji wa Lewistown, theluji ikiyeyuka na viatu vyote vimejaa tope. Lavonne na Clell, wenzangu wa klabu, walikuwa wameniletea fremu mbili za alumini, nichague moja ya kuivalisha bunduki yangu mahali pa kitako cha mbao. Niliwaomba waje saa moja asubuhi, kwa kuwa Orrin, mzee aliyenifundisha kulenga, hafiki kabla ya saa tatu. Siku hiyo, mzee wa watu, akafika saa moja na nusu.

Kitako hicho cha mbao alikichonga yeye, kwa mti wa mjozi, majira mazima ya baridi. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, ndiyo kwanza naanza, sijui hata nifumbe jicho lipi. Alinipima mkono, bega na shavu kama fundi cherehani. Nilikitumia miaka kumi na tisa.

Kisha madaktari wakaniunga pingili mbili za shingo kwa vyuma, na shingo ikawa haipindi tena. Msimu mzima nililazimisha shavu lishuke kwenye mbao, machozi yananitoka, risasi zinakwenda zitakako. Nilishajiambia: nikishindwa tena kwenye mashindano ya mwezi wa tano, naacha kabisa. Kubadili kitako bila Orrin kujua, hilo niliweza kulifikiria. Kumwambia, hapana.

"Chukua yangu," Clell alikuwa akisema. "Nzito, haitikisiki."

"Nzito kama mwenyewe," Lavonne akamrukia. "Huyu ana shingo mbovu, unataka umvunje na mgongo?"

Orrin aliliinua koti kwa kidole kimoja.

"Signe, shingo inauma tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Na ukanificha kwa ajili ya kipande cha ukuni?"

"Si ukuni, Orrin. Ni kazi yako."

"Nilikipima kwa shingo uliyokuwa nayo. Shingo hiyo haipo, mama. Lete bisibisi."

Akazifungua skrubu mbili mwenyewe, akautoa mtutu na mtambo wake wa kufyatulia kwenye mbao. Fremu ya Clell aliipima mkononi, akamrudishia. Akaifunga bunduki kwenye ya Lavonne, nyepesi, yenye pedi ya shavu inayopanda na kushuka. Halafu akanilaza kwenye mkeka kama siku ile ya kwanza.

"Fumba macho. Weka shavu linapotaka lenyewe. Haya, fumbua. Unaona nini kwenye darubini?"

"Kivuli."

Akaipandisha pedi kidogo. Kivuli tena. Mara ya nne nilipofumbua macho, duara la darubini lilikuwa jeupe pe, ukingo hadi ukingo, na shingo haijauma hata chembe. Nikaangua kilio.

"Hee! Hujapiga hata risasi moja," Clell akasema, "unalia nini?"

Nikapiga tano. Zote zilikaa mahali ninapoweza kupafunika kwa kikombe cha kahawa.

Orrin aliondoka na kitako chake kwapani. Basi, nikasema, nimemuudhi. Jumamosi mbili hakuonekana. Ya tatu akaja na kitu kidogo kimefungwa kwa kitambaa: kipande cha mjozi cha kile kitako, pale pale palipoingia weusi kwa shavu langu miaka yote ile. Alikuwa amekitoboa chini matundu mawili, kikae kwenye fremu badala ya pedi ya plastiki.

"Umekikata kitako kwa msumeno?"

"Ulitaka nikitundike ukutani kama kichwa cha kulungu? Plastiki ni baridi Januari. Na mbao hii imeshakuzoea."

Sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Nilisema "asante," nikageuka nikajifanya natafuta risasi, na hadi leo najuta kwamba sikumkumbatia.

Siku hizi macho ya Orrin hayafiki hata kwenye ubao wa shabaha. Hukaa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja, kahawa mkononi, na hajawahi kuniuliza nimepata alama ngapi.

"Shavu limekaa?"

"Limekaa, mzee."

Ndipo ninapofunga komeo la bunduki, tayari kupiga.