Kamba ya Mutachoka

Mwaka ule ugonjwa wa wazimu wa mbwa ulipoingia Kalemie, amri ilipita mitaani kwa kipaza sauti. Kila mbwa aletwe na mwenyewe, kamba shingoni, apigwe sindano pale kiwanjani karibu na stesheni, halafu avikwe medali. Mwezi ukiisha, mbwa asiye na medali askari watampiga risasi. Sitwayen wote, yaani raia wote, wamesikia.

Dada yangu Célestine alisikia, akaweka chini ungo wa mchele.

"Yaya," akaniita, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "watamuua."

Alikuwa na haki ya kulia. Mbwa wake hakuwahi kuvaa kamba. Ukimtazama kwa mbali ungesema simba mdogo, lakini alitetemeka tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Ukisogea, anaingia chini ya kitanda. Ukimfuata huko, anajikojolea. Ukinyoosha mkono, anauma, tena si kwa ukali, ni kwa woga, na meno ya mwoga hayachagui. Mimi niliyekuwa nimeshuka kwenye treni ya Kabalo na mfuko wangu mmoja, aliniuma kidole kabla sijapewa maji ya kunywa.

Jina lake Mutachoka.

Kwetu mbwa hapewi jina bure. Jirani akikuudhi, humtukani. Unatafuta mbwa, unampa jina lenye maneno yako yote, halafu unamwita kwa sauti jirani akiwa uani kwake. Nani atakupeleka kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa? Umeita mbwa wako. Célestine alipofiwa na mume wake Hippolyte, jirani yake Mama Mujinga, hilo ni jina la kwao, si tusi, alisema mbele ya watu, penye robine, bomba la maji, kwamba mjane yule hatamaliza mwaka katika lupango lile, yaani nyumba na uwanja wake, ndugu za marehemu watamfukuza. Célestine aliinua ndoo yake akaondoka. Alitafuta mtoto wa mbwa akamwita Mutachoka. Semeni tu, mutachoka ninyi.

Tulijaribu ya kwetu. Nilimfunga kamba akiwa usingizini, akaamka akajinyonga nayo mpaka ulimi ukatoka, nikaikata kwa kisu. Mtu mmoja wa Kiambi alituletea mzizi wa kumfukizia puani, mbwa akapiga chafya siku nzima na woga ukabaki. Katekista naye alikuja kumwombea, lakini aliomba akiwa amesimama njiani, nje kabisa, viatu vyake vikielekea kwao.

Ndipo nikavuka daraja la Lukuga kumtafuta Papa Isidore. Huyu zamani alifundisha mbwa wa askari, baadaye wale wa kulinda maghala. Watu walimwita Mwalimu, na hakukataa. Filimbi yake bado ilikuwa shingoni.

"Mimi nafundisha mbwa watishe watu," akasema. "Mbwa anaogopa watu, hiyo si kazi yangu. Peleka kwa katekista."

"Katekista ameshindwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akachukua kofia.

Siku ya kwanza alikaa uani akimpa mbwa mgongo, samaki mkavu nyuma yake. Mbwa hakutoka chini ya kitanda. Siku nyingine alimwimbia maneno yake ya kazi, asi, kushe, yaani kaa, lala, kwa sauti ya kubembeleza, na filimbi ndogo. Hakuna. Alirudi tena na tena. Mwezi uliliwa kama sabuni. Kila asubuhi mbwa wa mtaa wetu walipita wakienda kupigwa sindano na kurudi na medali zinang'aa, na Célestine alifunga dirisha asiwaone. Chakula alikuwa anakigeuza-geuza tu kwenye sahani.

"Hippolyte nilimuzika," akaniambia. "Na huyu tena nimuzike? Nitabaki na nani? Na wewe, yaya, ambaye unasikia treni ikilia unafunga mufuko?"

Ni kweli nilikuwa hivyo.

Hata Papa Isidore alichoka. "Mama, nimefundisha mbwa aliyekamata mukono wa mwizi hakuuachilia mpaka asubuhi. Huyu wako ananishinda. Sioni mulango wa kuingilia."

Alikuwa anasema hivyo, na mbwa akatoka. Polepole, tumbo likigusa udongo, pua mbele. Alifika penye samaki. Akanusa.

Célestine furaha ikamshinda. "Mutachoka!"

Mbwa alianguka kama amepigwa. Mkojo ukatiririka. Na hapo hapo, juu ya ukuta wa matete, jiwe likaja likilia hewani, likatua katikati ya uwanja, na sauti ya Mama Mujinga ikalifuata:

"Uchoke weye na ukoo wako!"

Papa Isidore aliliokota lile jiwe, akaligeuza mkononi.

"Kila siku njo hivi, ni hivi hivi?"

"Tumezoea," Célestine akasema. "Maneno tu ya wanawake. Jiwe lake halijanifikia hata siku moja."

"Linamufikia nani?"

Célestine akafungua mdomo. Akamtazama mbwa, akaufunga.

"Munazani huyu mbwa hana mwalimu," akasema Isidore. "Anao wawili. Mumoja anaita, mungine anapiga. Kwa askari hatukufundisha mbwa vizuri namna hii."

"Sasa nifanye nini, Papa?"

"Lile jina liache. Lisitoke tena kinywani mwako. Na mukono uliotupa mawe njo utoe samaki. Mukono mungine hauwezi."

"Nimuombe Mujinga? Afazali wampige risasi!"

Aliingia ndani akabamiza mlango. Sisi wawili tukabaki na mbwa na jiwe. Halafu akatoka, kitambaa kichwani amekifunga vibaya, akapita barabarani mpaka mlango wa jirani. Nikamfuata, maana nilidhani watapigana.

Mama Mujinga alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha.

"Karibu. Umekuja kuangalia namna ninachoka?"

"Mama Mujinga, njo mimi nimechoka. Watamuua. Nisaidie."

Mchi ulipanda ukashuka.

"Napika, mutachoka. Nina wageni, mutachoka. Mimba yangu ilipotoka nilikuwa nalala humu ndani, sikuweza hata kuinuka kutafuta jiwe. Nikasikia, mutachoka. Ulijua?"

"Sikujua kama siku ile ulisikia."

"Lakini mimba ulijua."

Célestine akainamisha kichwa. Mimi nilitazama kuku. Mchi ukasimama.

"Hiyo samaki iko wapi?" akauliza Mujinga.

Tangu hapo alikuja kila jioni, akakaa karibu na kitanda kama alivyofundishwa, mgongo kwa mbwa, mkono nyuma, kimya. Mara ya kwanza mbwa alitetemeka mpaka sahani ikagongana na mguu wa kitanda. Baadaye alichukua na kukimbia. Baadaye alichukua na kubaki. Kamba aliivaa kutoka mkono ule ule, na ndani ya uwanja alitembea nayo. Tatizo ni kwamba siku zilikwisha kabla ya woga.

Siku ya mwisho tulitoka wote wanne. Kufika barabara ya stesheni, lori likapita, treni ikapiga honi, na mbwa akalala chini. Célestine akamshika. Mbwa akamuuma kiganja, damu ikachuruzika kwenye kitenge.

"Musivute!" Isidore akapiga kelele. "Mukivuta tunarudi mwanzo!"

"Wanafunga! Papa, ona, wanafunga!"

Kweli, kule kiwanjani walikuwa wanapakia masanduku. Bunduki ya askari ilikuwa imeegemezwa kwenye mti.

Mama Mujinga alifungua kitenge chake cha juu. Akamfunika mbwa macho na kichwa, akamkumbatia, akainama, akamtupa mgongoni, akafunga kifuani kwa mafundo mawili, namna wanawake wote wanavyobeba.

"Hiyo sikuifundisha," Isidore akanong'ona.

Mtaa ulilipuka.

"Ehe! Mama Mujinga amezaa!"

"Mutoto ana mukia! Baba yake nani?"

Kila mtu Kalemie alijua mwanamke huyu hana mtoto. Hakugeuka. Jasho lilimshuka shingoni na mguu mmoja wa mbwa ulining'inia ukimpiga kiunoni. Nimetembea njia nyingi, toka Manono mpaka Mpala, sijaona iliyo ndefu kama ile. Célestine alikwenda ubavuni kwake, mkono wa damu juu, akiwarudishia wachekaji matusi ambayo sitayaandika.

Mwenye sindano alitazama, hakucheka. "Geuka, mama," akasema, "nione mutoto." Akamdunga pale pale mgongoni. Mbwa alilia kidogo ndani ya kitenge. Hakuuma.

Basi, alipona risasi. Medali anayo. Ila sasa analala mlangoni kwa Mama Mujinga, ambaye hamwiti chochote, anampigia ulimi tu naye anakwenda. Célestine bado anamwekea chakula kwake, na chakula kinaliwa na kuku. Siku moja nilimkuta amesimama penye ukuta wa matete, anamwona mbwa kule ng'ambo amejinyoosha juani, anafungua mdomo, anaufunga.

"Yaya, nimwite nani?"

"Nenda ukamuulize Mujinga."

Hakwenda siku ile. Siku niliyofunga mfuko wangu alikuwa bado hajakwenda.